UZI: Wakutubi wa vyuo Mtwara na Lindi, kazi zipo wapi na hii openi aksesi inatufungulia mlango gani

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa moyoni muda na leo nimeamua kulitoa.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Mtwara, mwaka wa tisa huu. Nilivyoripoti kazini nilikabidhiwa funguo, daftari la kuazimisha na muhuri wa tarehe, basi, ndo makabidhiano yalikuwa hayo. Kuna mkubwa mmoja (alishaondoka) aliwahi kusema kwenye kikao mbele ya watu kwamba maktaba ni mahali pa kumpumzisha mtumishi anayesubiri kustaafu. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo kwa sababu watu wengi bado wanaamini hivyo hivyo, hata wakutubi wenzangu wengine.

Sasa wiki mbili zilizopita akaja kijana wa mwaka wa tatu, simu yake kioo kimepasuka kona nzima, akanipa niangalie, anasema "dada naomba nisaidie hii kitu inadai dola". Anaandika utafiti wake wa kumalizia kuhusu ubwiriunga wa mikorosho, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na amepata pepa moja ambayo kila anayesoma mada hiyo anaitaja. Kuifungua dola 35 na senti, yaani karibu elfu tisini ya kwetu kwa pdf ya kurasa kumi. Bibi yake ana mikorosho Tandahimba na hiyo mikorosho ndo imemsomesha. Tukasoma pamoja ule muhtasari wa juu unaotolewa bure, tukafika sehemu inayosema majaribio yamefanyika wapi. Naliendele! Naliendele hii hii yetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha barabara ya Newala, unapanda bodaboda ukiwa na buku chache unafika. Akaniangalia, mi nikamwangalia.

Nikakaa kwenye kompyuta ya kaunta nikaingia Research4Life, ile huduma inayofungulia vyuo majarida ya kulipia, upande wa AGORA wa mambo ya kilimo ule unaosimamiwa na FAO, ambao upo tangu 2003 na kwa taasisi za nchi kama yetu ni bure kabisa. Dakika kumi haijafika pdf ipo kwenye flashi yake. Alifurahi, halafu akanyamaza kidogo akaniuliza, "mbona hatujawahi kuambiwa?"

Hilo swali ndo limeniletea huu uzi. Ukweli wenyewe ni kwamba chuo kilikuwa kimesajiliwa zamani, jina na neno la siri vimeandikwa kwa biki kwenye karatasi, karatasi iko ndani ya bahasha ya kaki, bahasha iko kwenye droo ya mtu aliyehama. Mimi mwenyewe niliikuta siku tunahamisha makabati, na hapo watoto wa watu wameshamaliza na kuondoka mikupuo na mikupuo bila kujua.

Wakutubi tunaohitajika sasa ni wa kuitoa hiyo bahasha kwenye droo. Na ajira nazo zinaelekea huko huko, nitaeleza.

Kwanza hii habari ya upatikanaji huria, ndo hiyo openi aksesi, kwa wale ambao haijawapitia. Watu wa kusini tunaielewa haraka kwa sababu ya korosho, unauza ghafi, inapanda meli inaenda India au Vietnam, inabanguliwa huko, unakuja kuikuta kwenye pakti dukani bei haishikiki. Utafiti nao umekuwa hivyo hivyo. Mtafiti analipwa mshahara na serikali yake, shamba la majaribio ni la umma, anaandika pepa, wataalam wenzake wanaipitia bila kulipwa senti, kampuni ya nje inachapisha, halafu maktaba ya chuo kile kile inaambiwa inunue. Wanasayansi wakachoka. Wanafizikia walianza kuweka kazi zao wazi kwenye tovuti ya arXiv tangu 1991, halafu Februari 2002 likatoka lile Azimio la Budapest ambalo ndo liliweka jina na maana, kwamba makala ya kitaaluma isomwe, ipakuliwe, inakiliwe na isambazwe bure na yeyote mwenye intaneti, mwandishi abaki na haki ya kutajwa na kazi yake isiharibiwe.

Njia ziko tatu mtazisikia. Ya kijani, mwandishi anaweka nakala yake kwenye ripositori ya chuo, yaani ghala la mtandaoni la kazi za chuo. Ya dhahabu, jarida lenyewe liko wazi ila mara nyingi mwandishi anatozwa ada. Ya almasi, msomaji halipi na mwandishi halipi, gharama inabebwa na chuo au chama cha wataalam. Kwa mtazamo wangu kwetu huku ya kijani na ya almasi ndo zenye uhai, ya dhahabu imehamisha mzigo tu kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Kuna majarida makubwa ya Ulaya yanatoza zaidi ya euro elfu 9 kwa pepa moja, mhadhiri gani wa Mtwara anaitoa wapi hiyo.

Naendelea chini, ila maswali yaanze.

Kuchele_Mjini

Uzi mzuri ila mi naona hivyo vya bure ndo vile feki. Ukiona jarida linakutumia imeili "dear esteemed professor" na wewe ndo kwanza una digrii moja, ujue hapo umeliwa.

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Mkuu umegusa kidonda. Matapeli wapo na wamechafua sana. Kuna mwalimu mmoja ninayemheshimu, simtaji wala sitaji chuo, alilipa dola 150 kwa jarida la namna hiyo, pepa ikatoka siku nne baadaye bila mtu hata mmoja kuisoma, jina lake wenyewe wameliandika vibaya, na alipoipeleka kwenye kupandishwa daraja ikakataliwa. Alikuja maktaba akakaa pale kwenye kiti cha plastiki hasemi kitu. Aliniuliza kama inaweza kufutwa. Tuliandika imeili tatu hazikujibiwa. Hela ilikuwa ya ada ya mtoto wake, na hapo ndo nilipojua hii kazi yetu ina uzito, maana angekuja wiki moja kabla ingenichukua nusu saa kumwambia asilipe.

Lakini utapeli na kuwa wazi ni vitu viwili mbalimbali. Tena aliyewavalia njuga wa kwanza hao matapeli alikuwa mkutubi wa chuo, Jeffrey Beall wa Colorado Marekani, yeye ndo aliwapa jina la majarida nyemelezi mwaka 2010 hivi na alikuwa na orodha yake maarufu mpaka ilipoondolewa Januari 2017. Sasaivi orodha za namna ile sizitegemei sana, zinazeeka. Mimi nafanya hivi: naangalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria ya dunia nzima. Ile orodha ilianzia Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden 2003 ikiwa na majarida 300, leo yamevuka elfu 20, na kuingia wanachuja, na wanaofanya ujanja wanatolewa. Kwa majarida ya Afrika naenda AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika Kusini iliyopo tangu 1998, kule kuna nyota zinazoonyesha jarida limefikia kiwango gani cha uendeshaji. Halafu namwambia mwandishi achague majina mawili ya wahariri aangalie kama ni watu kweli, wako chuo gani, na je wenyewe wanajua kwamba ni wahariri hapo. Hiyo ya mwisho imeshawaokoa watatu.

Na kwenye AJOL hiyo hiyo mtakuta majarida ya nyumbani, jarida la maktaba la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lipo, na Kioo cha Lugha lipo, la Kiswahili kabisa. Kwa hiyo bure haimaanishi feki.

Nachingwea_Yetu

Dada mimi nimemaliza diploma Bagamoyo pale chuo cha ukutubi 2021. Tangu hapo natuma maombi tu. Sasaivi niko Lindi mjini nafanya miamala ya simu kibandani. Ukweli ajira hamna, hizi habari za Budapest zinasaidia nini mtu asiye na kazi?

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Pole mdogo wangu, na sikulaumu hata kidogo kuuliza hivyo. Naomba nikujibu kwa urefu.

Nafasi zenyewe. Za serikali zote zinapitia Ajira Portal, hilo unalijua, ila angalizo langu usitafute neno "maktaba" peke yake. Tafuta mkutubi, msaidizi wa maktaba, afisa nyaraka, mtunza kumbukumbu, tena soma sifa ndani, kuna matangazo jina linasema kumbukumbu lakini sifa ya diploma yako inakubalika. Na wale waliosoma masijala pale Chuo cha Utumishi wa Umma kampasi ya Mtwara ni washindani wenu na pia ni wenzenu, msidharauliane.

Huku kusini kwenyewe ukihesabu sehemu zenye maktaba za kitaaluma zipo kuliko watu wanavyodhani. Stella Maris ipo, TIA ya uhasibu ipo, vyuo vya ualimu vipo, vya afya vipo, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, Naliendele kuna utafiti na utafiti una nyaraka, maktaba za mkoa za Bodi ya Huduma za Maktaba zipo. Na Lindi kwenyewe kuna kampasi ya UDSM ya mambo ya kilimo inayoletwa na mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Kampasi ikianza kudahili itataka maktaba, na maktaba itataka watu. Swali ni je siku tangazo linatoka wewe utakuwa na nini ambacho wengine mia tatu wenye diploma kama yako hawana?

Hapo sasa ndo Budapest inaingia kibandani kwako. Kazi ya kugonga muhuri inapungua, hilo tusidanganyane. Zinazoongezeka ni hizi: mtu wa kuendesha mfumo wa maktaba, mtu wa ripositori, mtu wa kuwasaidia wahadhiri mambo ya kuchapisha na hakimiliki, mtu wa kutunza data za utafiti. Na kinachosukuma ni wafadhili wa utafiti wenyewe. Tangu Januari 2021 kuna kundi la wafadhili, Plan S, linalotaka kila pepa iliyotokana na hela yao iwe wazi. NIH, taasisi ya afya ya Marekani, ambayo hela yake inafika mpaka kwenye tafiti za afya hapa Tanzania, tangu tarehe 1 Julai 2025 inataka nakala iwe wazi siku ile ile pepa inapotoka, ule muda wa kusubiri miezi 12 umefutwa. UNESCO nao walipitisha pendekezo lao la sayansi huria Novemba 2021. Kila sharti la namna hiyo linahitaji mtu wa kulisimamia kule chuoni, na mhadhiri hana muda nalo.

Wewe una laptopu? Hata ya mkono wa pili? Kama unayo weka Koha. Koha ni mfumo wa kompyuta wa kuendesha maktaba, ni bure, ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba moja ya mji mdogo New Zealand ikaanza kazi mwaka 2000, jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi, na vyuo vingi tu Tanzania vinaitumia. Inakaa kwenye Linux. Kuiweka mara ya kwanza itakusumbua siku tatu nne, utakasirika, ndo vizuri, kwa sababu siku ya usaili wa vitendo ukiambiwa ingiza kitabu kwa MARC, ule muundo wa kuandika taarifa za kitabu kwenye kompyuta, wewe utakuwa umeshaingiza vitabu vyote vya nyumbani kwenu mpaka msahafu na daftari la kikoba. Ukimaliza Koha nenda DSpace, hiyo ndo ya ripositori, walianzisha MIT na kampuni ya HP 2002, nayo bure. SUA, chuo cha kilimo Morogoro, na wengine wakubwa ripositori zao ziko hewani, ingia uangalie wamepanga vipi makundi yao, wameandika nini kwenye kila kisanduku, uige.

Halafu ngazi ya juu. Kwenye vyuo vikuu kuna ngazi mbili na watu hawaambiwi mapema. Kuna wasaidizi na maafisa wenye cheti, diploma na digrii, na kuna wakutubi wanaohesabiwa kama wanataaluma, hao wanahitaji digrii ya pili, ufaulu unaangaliwa sana toka digrii ya kwanza, na wanapanda kwa kuchapisha kama wahadhiri. Kwa hiyo diploma yako usiiache hapo. Chuo Kikuu Huria wana digrii ya ukutubi na usimamizi wa habari, unaweza kusoma ukiwa hapo hapo Lindi kibandani. Mimi nilisoma hivyo nikiwa na mtoto mchanga, usiku, bando la usiku, na ninaishi na faida yake.

Nachingwea_Yetu

Asante dada. Laptopu ninayo ya ramu nne. Nitajaribu hiyo Koha.

Mzee wa Kadi

Nawasalimu. Mimi ni mkutubi mstaafu, nipo Masasi. Nimefurahi kuona vijana wanaongea mambo haya. Mimi nimeanza kazi enzi za kadi, kila kitabu kadi tatu, ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya somo, unachapa kwa taipureta ukikosea herufi moja unaanza upya. Tulikuwa na heshima. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam alifungua Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1967, na sisi tuliosomea kazi hii tulijiona tumekabidhiwa kitu kikubwa. Swali langu kwa binti yangu mleta mada, hizi nakala za kwenye kompyuta zikipotea je? Kadi zangu bado zipo.

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kufika, na swali lako ni zito.

Zinapotea kweli. Chuo kinaweza kuacha kulipia jina la tovuti na kila kitu kikazimika siku moja. Ndo maana nakala moja haitoshi, lazima iwepo ya seva ya hapa, ya diski iliyofungiwa mahali pengine, na ikiwezekana ya taasisi nyingine. Mwezi wa tano 2024 nilijifunza kwa vitendo. Kimbunga Hidaya kilipopita mvua zikabomoa barabara pale Somanga, mabasi hayapiti, na box letu la vitabu likawa limekwama njiani hatujui liko upande upi. Siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Yaani kusini tumefungiwa barabara na mtandao kwa mpigo, na ilikuwa wiki ambayo wanafunzi wanakimbizana na tarehe ya kukusanya proposo. Kilichotuokoa ni kwamba nilikuwa na tabia ya kila pepa huria ninayompakulia mwanafunzi mmoja naihifadhi kwenye diski, kwa mpangilio wa masomo, Dewey ile ile mliyotufundisha nyie mzee. Watu walikaa foleni na flashi. Na nisingeweza kufanya hivyo kwa pepa za kulipia, leseni hairuhusu, hizi huria zenye leseni ya Creative Commons zinaruhusu kunakili na kugawa ilimradi umtaje mwenyewe.

Kadi zako mzee naomba usizitupe. Kama kuna vitabu vya zamani vya huku kusini kwenye hizo kadi ambavyo havipo tena, hizo kadi ni ushahidi kwamba viliwahi kuwepo.

Mwalimu Chuno

Mimi ni mhadhiri msaidizi. Nina pepa mbili zimetoka kwenye jarida la kulipia, hata mimi mwenyewe siwezi kuifungua moja. Je kisheria naweza kuiweka kwenye ripositori ya chuo? Naogopa kushtakiwa. Na je kuna namna ya kuchapisha wazi bila kulipa hizo dola?

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Mwalimu nashukuru, hili ndo swali ambalo natamani kila mhadhiri aliulize KABLA ya kusaini ile fomu ya kuhamisha haki.

Pepa yako ina sura tatu. Ile uliyoituma mwanzo, ile iliyorekebishwa baada ya kupitiwa na wataalam ikakubaliwa lakini bado iko kwenye Word yako, na ile ya mwisho yenye nembo na namba za kurasa za jarida. Ya tatu mara nyingi ni mali yao, usiipandishe kama haina leseni huria. Ya pili ndo hazina yako, wachapishaji wengi wanakuruhusu uiweke kwenye ripositori ya chuo, wengine papo hapo, wengine baada ya miezi 12 au zaidi. Kujua jarida lako linasemaje ingia Open Policy Finder, zamani ikiitwa Sherpa Romeo, andika jina la jarida, inakuonyesha sura ipi inaruhusiwa na baada ya muda gani. Tatizo ninalokutana nalo kila siku ni kwamba wahadhiri wanafuta ile ya pili! Pepa ikishatoka wanaona Word haina kazi. Naomba msifute, tunzeni, nitumieni.

Kuhusu kuchapisha bila kulipa, kwanza angalia majarida ya almasi, kwenye DOAJ kuna kichujio cha majarida yasiyotoza ada, kibofye. Pili omba msamaha wa ada, ila omba wakati unatuma na sio baada ya kukubaliwa, wengi wanakataa ukichelewa. Hapa kuna kitu watu hawakijui. Wachapishaji wengine wanafuata orodha ya Research4Life, na Tanzania iko kundi A, hao wanaweza kukusamehe yote. Wengine wanafuata viwango vya kipato vya Benki ya Dunia, na sisi tangu Julai 2020 tumehesabiwa uchumi wa kati wa chini, kwa hao unaweza kukuta unapewa punguzo tu, mfano nusu. Nusu ya dola elfu tatu bado ni mzigo. Kwa hiyo soma ukurasa wa jarida husika kabla hujajiaminisha. Tatu, kuna makubaliano ambayo EIFL, shirika linalosaidia maktaba za nchi zinazoendelea, wanayafanya na wachapishaji kwa niaba ya nchi wanachama, sisi tunaingia kupitia COTUL, ule umoja wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti Tanzania. Muulize mkutubi wako kama chuo ni mwanachama. Kama hajui, mtumie huu uzi, kwa upendo kabisa.

Na tengeneza namba ya ORCID leo, ile ya kumtambulisha mtafiti, ni bure, dakika tano. Jina lako likifanana na la watu kumi wengine pepa zako zinapotelea kwao.

BintiMikindani

Dada mi nipo mwaka wa pili, bando linaniua. Nikiwa nyumbani Mikindani nafanyaje nikikuta pepa imefungwa?

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Mdogo wangu kwanza usilipe. Nakili jina zima la pepa liweke kwenye Google Scholar, bonyeza pale palipoandikwa matoleo yote, mara nyingi kuna pdf pembeni kutoka ripositori ya chuo fulani. Kama una kompyuta weka Unpaywall kwenye brauza, ukifungua pepa iliyofungwa inakuonyesha kikufuli cha kijani kama kuna nakala halali mahali. Ikishindikana mwandikie mwandishi mwenyewe, imeili yake iko kwenye muhtasari, andika sentensi tatu za adabu, wengi wanatuma siku hiyo hiyo na wanafurahi kusomwa. Tasnifu za Chuo Kikuu Huria nazo ziko wazi kwenye ripositori yao, zipo mpaka zilizoandikwa kuhusu shule na vijiji vya Mtwara na Lindi, anza na hizo. Na njoo maktaba na flashi, bando la maktaba ni lako pia.

Kuchele_Mjini

Naomba kurudi, nilianza kwa kubisha lakini nimesoma mpaka mwisho. Sasa ripositori ya kwetu huku iko wapi? Tunasifia za Morogoro na Dar tu.

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

Umenibana mahali penyewe mkuu, na ni haki yako.

Chuoni kwetu kuna makabati mawili ya chuma yamejaa kazi za wanafunzi za kumalizia. Nimeanza kuzitoa moja moja. Kuna moja ya dada mmoja aliyehoji wauza chumvi, moja ya wavuvi wa Msimbati na mambo ya gesi ya Mnazi Bay, moja ya stakabadhi ghalani na jinsi malipo yanavyochelewa, ina mahojiano ya wakulima wa Newala ambao wengine nimeambiwa wameshafariki. Mchwa wameingia kabati la chini. Ile ya stakabadhi kona imeliwa mpaka kwenye ukurasa wa marejeo. Hakuna nakala nyingine duniani, mwandishi nilimtafuta, laptopu yake iliibiwa.

Nikaomba skana, nikaambiwa bajeti mwakani. Nikaanza kwa simu yangu na karatasi nyeupe chini, mchana karibu na dirisha la upande wa bahari mwanga unatosha. Kila mwandishi natafuta ruhusa yake kwa maandishi, maana sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwanafunzi kama inavyomlinda profesa, na wengi wanakubali wakisikia jina lao litabaki. DSpace nimeshaiweka kwenye kompyuta moja ya akiba, inafunguka ndani ya jengo tu, bado haijatoka nje. Kinachofuata ni kuongea na watu wa TERNET, ule mtandao wa elimu na utafiti, kuona namna ya kupata seva. Mwenye uzoefu nao anisaidie kwenye uzi huu.

Na nawaomba wakutubi wenzangu wa Lindi, Masasi, Nachingwea, kila mmoja afungue kabati lake aangalie mchwa wamefika wapi. Andikeni hapa mnacho nini. Tukijua nani ana nini tunaweza kuomba skana moja ikazunguka.

Mzee wa Kadi

Binti yangu, mimi kadi zangu nitazileta Mtwara mwenyewe. Nikipata lifti ya kijana wangu mwezi huu nakuja. Na mchwa wa kabati, toa karatasi zote zianikwe kivulini, usianike juani zitakakamaa.

Nachingwea_Yetu

Dada samahani narudi. Koha imekubali kuwaka!! Imenichukua siku tano. Nimeingiza vitabu kumi na viwili, lakini nikitafuta haileti kitu, inasema hakuna matokeo. Nifute nianze upya?

Dada wa Maktaba (mleta uzi)

USIFUTE. Vitabu vipo, ni faharasa ya Zebra, ile sehemu ya Koha inayotafuta, haijajengwa, hiyo karibu kila mtu humkuta mara ya kwanza. Kuna amri moja ya kuijenga upya kwenye ile skrini nyeusi, inaanza na koha-rebuild-zebra, mwishoni unaweka jina ulilolipa maktaba yako wakati wa kuweka. Kama ikigoma panda gari Jumamosi uje, mimi nafungua saa tatu. Lete laptopu na chaja, na hivyo vitabu kumi na viwili uje navyo, tutavipa na namba za rafu kabisa.